Mlango wa Nyuma wa Pikapu

Ellsworth, Nebraska
7 Januari 1974

Dwayne,

Umeondoka juzi, na mimi tayari nimekaa mezani na penseli. Ndivyo nyumba ilivyo kimya. Sikiliza hesabu yangu kabla hujaanza kucheka.

Kutoka hapa hadi Gillette ni maili mia tatu na kumi. Kuja na kurudi, mia sita na ishirini. Kazini mnatoka Jumamosi jioni, na Jumatatu alfajiri lazima uwe getini, la sivyo nafasi yako anapewa mwingine kabla kahawa yako haijapoa. Tangu serikali iombe vituo visiuze petroli Jumapili, ukishatoka Gillette hukuti pampu iliyo wazi mpaka Jumatatu. Madumu hawajazi tena. Pipa letu la shambani ni la trekta, na trekta ndiyo inayowapelekea ng'ombe majani mpaka theluji iishe. Hilo tulikubaliana haliguswi. Kwa hiyo ukitaka kuja nyumbani, unayo yale tu uliyojaza huko: matangi mawili, galoni arobaini. Na pikapu yako inakwenda maili kumi na mbili kwa galoni. Kufika utafika, lakini ukirudi itakuzimikia hapo Lusk, katikati ya theluji.

Nimegawanya mara mbili. Tunahitaji maili kumi na sita kwa galoni. Hizo nne zinazopungua ndizo zinazonitenga na mume wangu, na mimi sitaki kulala peke yangu mpaka majira ya kiangazi.

Basi fanya hivi. Endesha hamsini na tano kama sheria mpya inavyosema, si themanini kama unafukuzwa. Matairi yatie upepo wa kutosha. Usiwashe injini ukaenda kula mayai huku gari linanguruma bure uani. Yatoe yale makorokoro kwenye bodi, pamoja na ile pampu mbovu unayosema utaitengeneza. Na funga mlango wa nyuma.

Najua. Marehemu baba yako aliendesha na mlango umelala maisha yake yote, eti upepo lazima upewe njia ya kutokea, na wanaume wote wa wilaya hii wanaendesha hivyo mpaka leo. Lakini mwaka 1956 mimi nilikaa nyuma kwenye bodi ya gari la baba yako tukitoka Alliance kuchukua jiko, na niliona kwa macho yangu. Mlango ulipokuwa umelala, majani makavu yaliruka nje karibu yote. Mzee aliposimama akaufunga ili jiko lisiteleze, majani yaliyobaki yalirudi mbele, yakajikusanya nyuma ya kichwa cha gari na kutulia hapo mpaka nyumbani. Upepo ukifungiwa humo hauvuti gari. Unazunguka hapo hapo, na mwingine unapita juu. Nilisema mezani siku ile. Baba yako alicheka mpaka akapaliwa, na wewe, bwana harusi wa mwaka mmoja, ukacheka naye.

Nakuandikia kwa sababu simu haifai. Laini hii tunayochangia na majirani, ukiinua tu unamsikia Opal Fritch anapumua.

Mkeo,
Arlys


Gillette, Wyoming
15 Januari 1974

Mke wangu Arlys,

Nimefanya yote uliyoyasema, isipokuwa moja. Hapa kwenye kambi ya wafanyakazi kila alfajiri pikapu arobaini zinawashwa na wenyewe wanaingia kula, uani moshi mtupu. Mimi nawasha na kuondoka. Barabarani wananipita wakipiga honi. Wameanza kuniita Shangazi.

Magunia ya mchanga nimebakisha mawili tu, nisiteleze. Pampu nimeitoa. Nimeweka kadibodi mbele ya rejeta injini ipate moto upesi. Juzi nimepima: kumi na tatu na nusu. Sikutegemea.

Mlango wa nyuma umelala na utaendelea kulala. Baba hakuwa mjinga, Arlys. Ukiufunga unavuta ukuta maili mia tatu. Mtu yeyote anaweza kuona hilo.

Mpishi wetu, Mavis Teague, nampeleka mjini kila Jumatano kununua vitu vya jikoni, naye ananishikia daftari na kusoma mita mimi nikiangalia barabara. Ana mwandiko mzuri sana. Na pai yake ya cheri, wee. Wanaume wanapigania kingo.

Leland Fritch anakuja mara ngapi kukusaidia na ng'ombe? Nauliza tu.

Wako,
Dwayne


Ellsworth
21 Januari 1974

Dwayne,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahia kumi na tatu na nusu. Mara ya pili nikaliona jina Mavis. Mara ya tatu sikusoma kitu kingine.

Leland anakuja kila asubuhi. Ana kikohozi, ana buti zilizojaa samadi, na anazungumza habari za mgongo wake. Umeridhika? Sasa zamu yangu. Huyu Mavis ana miaka mingapi? Ana mume? Na ana uzito gani? Hilo la mwisho nauliza kwa sababu ya mafuta. Ulitoa pampu ya ratili themanini kwenye bodi, halafu ukapakia nini kwenye kiti?

Kiti chenyewe nakijua. Upande wa kulia kuna mahali pamebonyea, na mimi ndiye niliyepabonyeza, kwa miaka kumi na minane ya kwenda mnadani na kanisani. Sipendi kufikiria kuna mtu amepakuta pako tayari akajikalia tu.

Na hiyo "wee". Nakuokea kolache za plamu tangu tuoane, kwa mapishi ya mama yako, naamka giza kukanda unga. Sijawahi kuisikia "wee" hata mara moja. Unafuta mdomo kwa mkono na kusema, "Zipo nyingine?"

Mwandiko wake nao eti mzuri. Wangu unasomeka? Maana niliandika funga mlango wa nyuma, nawe ukasoma vingine.

Arlys


Gillette
29 Januari 1974

Arlys,

Mavis ni mpishi. Ni mtu mzima. Sijui ana uzito gani, na nikimuuliza sitapewa chakula wiki nzima. Usianze.

Nimebadilisha plagi na chujio la hewa. Nikiona mteremko naachia mafuta mapema. Nimefika kumi na nne na robo. Yule kijana wa Casper aliyenipa jina la Shangazi ameniuliza jana, kwa sauti ya chini, natia upepo kiasi gani.

Jumamosi ya tarehe tisa nakuja. Kama hesabu haijafika kumi na sita itafika njiani, maana kutoka Lusk kuja kwetu nchi inashuka. Niwekee sahani.

Dwayne


Ellsworth
12 Februari 1974

Dwayne,

Sahani nilikuwekea. Nilisuka nywele. Nilioka kolache, nikazifunika kwa kitambaa, na kila taa iliyotokea kilimani niliisimamia dirishani mpaka ipite. Jumapili mchana nilizila nne nikiwa nimesimama, nyingine nikawapa mbwa.

Nilidhani umekufa. Nakwambia ukweli. Nilikuona kwenye mtaro kule Crawford, theluji mpaka madirishani, na nikajilaumu kwa kukufanya uyatoe yale magunia ya mchanga. Nililia juu ya beseni la vyombo.

Jana asubuhi nikainua simu. Opal alikuwa akizungumza na shemeji yake, na alijua kabisa kwamba nimeinua, maana aliongeza sauti. Leland alikuwa Lusk Jumamosi jioni kuangalia fahali. Ameiona pikapu ya bluu imesimama mbele ya mgahawa, mlango wa nyuma umelala kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Ndiyo yako, hakuna mwingine mwenye taa moja ya njano. Akamwona mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani anateremka upande wa kulia. Na akakuona wewe ukizunguka kumfungulia mlango, ukamshika kiwiko.

Lisemwalo lipo, Dwayne. Ulikuwa nusu ya njia. Ulikuwa na matangi mawili yenye mafuta na mke aliyesuka nywele. Mbona uligeuza?

Kiwiko changu mara ya mwisho ulikishika lini? Nimejaribu kukumbuka tangu jana. Nadhani ni nilipovunjika mguu.

Nataka jibu, na nalitaka kwa wino.

Arlys


Gillette
18 Februari 1974

Arlys,

Pole kwa kukusubirisha. Simu ya sarafu hapa ina foleni ya watu thelathini, na Opal angesikia.

Ni kweli nilikuwa Lusk. Mavis ana dada yake pale, nikampa lifti. Kiwiko nilimshika kwa sababu ya barafu, asianguke. Mgahawani nilikaa kupiga hesabu, na hesabu ikakataa. Kufika ningefika, kurudi nisingeweza, na Jumatatu wangempa mtu mwingine kazi. Nikarudi. Zaidi ya hapo sina la kueleza.

Habari njema ni hii. Nimefika kumi na sita na kidogo. Nimepima mara mbili, si bahati. Mavis aliniambia nifunge mlango wa nyuma. Nikaufunga. Basi, ndiyo hiyo.

Jumamosi mbili zijazo tunafanya kazi mpaka usiku. Tarehe tisa Machi nakuja, na safari hii nafika.

Dwayne


Ellsworth
22 Februari 1974

Dwayne,

Kile kiwiko nilikuwa tayari kukusamehe. Barafu ya Lusk naijua.

Kisha nikafika kwenye ile mistari mitatu. Nilikuwa nimesimama kwenye sanduku la posta, nikaenda kukaa ndani ya trekta mpaka miguu ikafa ganzi.

Nilikwambia mwaka 1956. Nilikwambia tena mwaka wa dhoruba kubwa, tulipoishiwa petroli karibu na Crawford na kutembea maili tano. Nilikwambia tarehe saba mwezi uliopita, kwa maandishi, na majani nikakueleza na jiko nikakueleza. Ukanijibu baba hakuwa mjinga. Halafu mwanamke anayekaanga mayai anasema mara moja tu, kati ya kumwaga kahawa na kukata pai, nawe unainuka kwenda kufunga. "Basi, ndiyo hiyo."

Ungeniandikia kwamba umembusu, ningelia, ningevunja sahani mbili, kisha ningekuja huko kuwatukana wote wawili na kukurudisha nyumbani. Lakini wewe umemsikia. Ndiyo, ni wivu, siuonei haya. Simwonei wivu kwa mdomo wake wala kwa kitambaa chake cha kijani. Namwonea wivu kwa masikio yako. Nimeishi nayo miaka kumi na minane na sijawahi kuingia humo. Wanasema nabii hakubaliki kwao. Mimi sikutaka unabii, nilitaka ufunge mlango.

Nimemwandikia dada yangu Joyce kule Kearney anitayarishie chumba cha juu. Leland atawachukua ng'ombe mpaka utakapoamua. Uje tarehe tisa au usije, tarehe kumi na moja linapita basi na mimi nitalipanda, isipokuwa nikisikia neno la kunizuia. Usiniulize ni neno gani. Ukiambiwa ulitamke halina faida tena.

Arlys


Ellsworth
22 Februari 1974

Bibi Mavis Teague,

Hatujuani. Mimi ni mke wa Dwayne Kucera. Nasikia wewe ni hodari wa pai na pia mtaalamu wa magari. Ningependa kujua, mwanamke kwa mwanamke, ulimwambia nini mume wangu juu ya ule mlango wa nyuma, na kwa maneno gani, maana ya kwangu hayakumwingia kamwe. Na kama kuna kitu kingine cha kuniambia, kiseme vilevile. Naweza kukistahimili.

Arlys Kucera


Gillette
28 Februari 1974

Bibi Kucera,

Barua yako nimeisoma jikoni nikacheka mpaka maziwa yakafurika. Samahani, najua kwako si kicheko. Nitakujibu yote kwa mpangilio kwa sababu nimeshawahi kuwa mke.

Nina miaka sitini na tatu. Mume wangu nilimzika mwaka 1968. Magari siyajui. Sijawahi kushika usukani hata siku moja, ndiyo maana naomba lifti. Mumeo angekuja na gari limegeuka matairi juu, ningemuuliza tu kama amenunua viazi.

Siku ile ya Lusk alinichukua saa kumi na moja jioni. Njia nzima aliniambia anakwenda nyumbani, kwamba mkewe atakuwa amemwekea sahani. Nilisoma mita, yeye akagawanya kichwani. Mgahawani akaniomba nisome tena. Ilikuwa kumi na tatu na nusu, hata ile kumi na nne na robo hakuifikia, na upepo ulikuwa wa mbele. Alikaa na kikombe kimoja cha kahawa saa nzima. Mtu mzima yule alikuwa na machozi, bibi, akasema moshi. Hakukuwa na moshi.

Alilala kwenye kochi la dada yangu, miguu imetoka nje. Asubuhi nikamwona uani amesimama nyuma ya pikapu, anaiangalia tu. Dada yangu anafuga sungura. Mumeo akaenda kwenye banda, akachukua konzi ya majani makavu, akayatupa kwenye bodi, akaendesha mpaka mwisho wa barabara na mlango umelala. Akarudi, hamna kitu. Akachukua konzi nyingine, akaufunga mlango, akaenda tena. Safari hii majani yalikuwa yote yamejikusanya mbele, nyuma ya kile kioo cha dereva. Akayashika mkononi. Nikamuuliza, "Dwayne, vipi, umepoteza kitu?" Akasema, "Alisema hivi hivi. Alisema mwaka hamsini na sita, na mimi nikamcheka mbele ya baba."

Tukarudi na mlango umefungwa. Kumi na sita na kidogo. Mwandiko ni wangu.

Nikamwambia, sasa mwandikie mkeo kwamba alikuwa sahihi. Akaendesha maili kumi hivi. Kisha akasema, "Nitamwambia ni wewe uliyenishauri." Nikamwambia huo ni upumbavu. Akasema, "Ndiyo, lakini ni mfupi." Kwa mumeo, bibi, afadhali umdhanie mzinzi kuliko ujue kwamba alikosea. Wangu alikuwa hivyo hivyo, na kama angefufuka leo ningegombana naye kabla hajavua kofia.

Hakuna kitu kingine cha kukuambia. Ile pai anaila akisema ya kwako ina plamu.

Mavis Teague

Nisamehe kile kitambaa cha kijani. Nimeambiwa kimefika mbali.


Gillette
11 Machi 1974

Arlys,

Sijui kama barua hii itakukuta. Leo ndiyo siku ya basi. Nimeandika anwani ya nyumbani hata hivyo, maana ya Kearney mkono ulikataa kuiandika.

Nilipofika juzi ulinipikia nikala. Ulinionyesha ndama wa kwanza. Ulilala ubavuni kwangu na hukuniuliza chochote, nami nilikuwa nimejitayarisha kwa kila swali. Lile sanduku lako la safari mlangoni nililiruka mara nne, na kila mara nilifungua mdomo, halafu nikauliza habari za trekta.

Jana mchana nilipowasha gari ulitoka zizini na konzi ya majani makavu. Uliyatupa kwenye bodi. Ulifunga mlango wa nyuma kwa mikono yako, ukaupiga mpaka ukalia, ukaingia ndani bila kunitazama. Nilikaa pale injini inanguruma bure, na hilo nalo umenikataza.

Nilifika hapa saa tatu usiku. Maili mia sita na ishirini kuja na kurudi, na galoni moja na nusu imebaki. Niliposimama hapa uani nilichukua tochi, nikapanda kwenye bodi kabla ya kuingia kulala. Majani yako yapo, Arlys. Yamejikunja nyuma ya kichwa cha gari, juu ya yale magunia mawili. Mpaka wale wa kambini wamekuja kuangalia, na leo asubuhi nimehesabu milango tisa iliyofungwa.

Mavis hakuniambia kitu. Hajui gari lina milango mingapi. Nilisema ni yeye kwa sababu kusema ni wewe kulikuwa kunanikaba. Baba alikosea. Mimi nilikosea baada yake miaka kumi na minane, na ningeacha mapema kama nisingecheka siku ile mezani, kwa sababu mtu akishacheka ni vigumu kurudi. Wewe ulikuwa sahihi mwaka 1956. Ulikuwa sahihi pale Crawford. Ningekuwa nimekusikia, tarehe tisa Februari ningekula kwenye ile sahani.

Sikujua kama hilo ndilo neno. Ndilo nililo nalo.

Dwayne


Ellsworth
15 Machi 1974

Dwayne,

Basi lilipita. Nililiona nikiwa kwa ng'ombe, nikalipungia mkono.

Lile sanduku lilikuwa tupu. Lilikuwa tupu tangu barua ya Mavis ilipofika. Ndiyo, tumeandikiana, na kazi ni kwako kukaa ukijiuliza amesema nini. Nililiweka mlangoni kusudi ulijikwae, na wewe ukaliruka mara nne kama farasi wa maonyesho. Niligeukia ukuta usinione nikicheka. Usiku nililia pia. Vyote viwili ni kweli.

Mwambie Mavis nataka mapishi ya ile pai. Jumatano mpeleke mjini, na pakiwa na barafu mshike kiwiko. Lakini mwambie pale palipobonyea pana mwenyewe.

Barua yako ilifika jana. Niliisoma jikoni, nikaisoma kwa ng'ombe. Halafu niliinua simu, nikasubiri mpaka nikamsikia Opal anapumua, nikaisoma kwa sauti kuanzia "Mavis hakuniambia kitu" mpaka mwisho. Leland alikuwa karibu naye, nilisikia kikohozi. Kisha Opal, ambaye hajawahi kukiri kwamba yumo kwenye laini, akaniomba nirudie pale pa mwaka 1956.

Nikarudia.

Mkeo,
Arlys